Mchangani au Kwenye Bembea? Ubishi wa Wachezaji wa Tassia

Kuna magemu ya mtandaoni ambamo maelfu ya watu huingia kwa pamoja, kila mmoja na mhusika wake, na dunia ile huendelea na shughuli zake hata wewe ukizima mashine ukaenda kulala. Magemu haya yana koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa mchangani. Unaachwa katika nchi pana bila maelekezo. Wachezaji wenyewe ndio wanaochimba madini, kufua panga, kujenga miji, kutozana kodi na kuporana njiani. Ukoo wa pili ni wa bembea. Mwenye gemu ameshapanga kila kitu, safari, majoka na zawadi, na kazi yako ni kupanda, kufurahi, kushuka, kisha kuuliza bembea inayofuata iko wapi.

Wachezaji wa koo zote mbili hawaishi kulalamika. Wa mchangani wanasema wameporwa hadi viatu. Wa bembea wanasema wamechoka kuua joka lile lile kila Jumatano. Ukiwafuatilia vizuri utakuta wengi wao ni watu wale wale, wanaohama huku kwenda kule na kurudi, kila mara wakiapa kwamba sasa wamepata kwao.

Mjadala huu nimeuweka Tassia, Embakasi, jijini Nairobi. Chini ya maghorofa ya huko, kati ya kinyozi na duka la M-Pesa, hukosi chumba cha gemu: kochi lililobonyea, televisheni iliyofungiwa ndani ya wavu wa chuma, nyaya za umeme zimepitishwa chini ya zulia, na ukutani karatasi yenye bei kwa saa na onyo kwamba atakayevunja pedi atailipa. Wengi humo wanacheza kandanda na kelele ni zao. Pembeni pana kompyuta mbili tatu, na hapo ndipo ubishi wetu ulipo.

Wanaosemezana ni wanne, nami nitawaita kwa kazi zao. Fundi anatengeneza simu kando ya barabara. Mchezo wake ni Albion Online, gemu la mchangani lililotengenezwa Berlin, ambalo tangu Juni 2021 linachezeka kwenye simu. Mhasibu ameajiriwa Industrial Area, ana mtoto mdogo, na ni mtu wa World of Warcraft, bembea mashuhuri kuliko zote. Kijana yuko chuoni, na moyo wake uko kwenye GTA. Bosi ndiye mwenye chumba. Zamani alikuwa na saiba, duka la intaneti, na hakuachi usahau hilo. Mimi nitaingilia pale nitakapoona wameanza kuzunguka.

Fundi: Mimi nasema wazi, bembea ni kazi ya ofisi isiyo na mshahara. Unaingia kijijini, unakuta mzee ana alama ya mshangao ya njano juu ya kichwa. Anakuomba ukamuulie nguruwe kumi. Unamuulia. Nyuma yako kuna watu mia wameagizwa nguruwe kumi hao hao, na kila mmoja anaambiwa kwamba ni yeye pekee atakayeiokoa dunia. Dunia gani hiyo inayookolewa na kila mtu na kesho yake iko vile vile?

Mhasibu: Na wewe huko kwako, majuzi ulikuja hapa ukiwa umenuna. Waambie ulifanywa nini.

Fundi: Niliporwa.

Mhasibu: Eleza vizuri.

Fundi: Nilichimba madini wiki nzima, nikayeyusha, nikampakia fahali wa mizigo. Nikasema niende Caerleon, mji wa katikati ya ramani, maana bei ya huko ni nzuri. Na ni nzuri kwa sababu kila njia ya kuuingia ina majambazi. Fahali anatembea polepole, unajua. Wakatoka wawili vichakani. Nikashuka, nikabonyeza kitufe cha kukimbia, na papo hapo mtandao ukakwama. Skrini ilipoamka nilikuwa chini, na mmoja wao ameshika mzigo wangu anachagua: viatu, joho, madini, mpaka chakula nilichobeba.

Mhasibu: Hiyo ndiyo starehe unayotuuzia.

Fundi: Dada, jina la aliyeniua ninalijua. Nilimwandikia nikamtukana, akanijibu kwa Kireno, akacheka, mwisho wake akaniingiza katika chama chao. Leo nikienda Caerleon ni yeye anayenisindikiza. Sasa wewe, miaka yote uliyocheza, nitajie mtu mmoja aliyekuokoa ndani ya pango.

Mhasibu: Majina yao hata siyasomi. Mfumo unatukusanya watano, tunaingia, tunaua, tunatoka. Wengine hawasemi hata habari yenu.

Hapo Mhasibu ameachia jambo kubwa kwa sauti ndogo, na sitaliacha lipite. World of Warcraft ilitoka Novemba 2004. Kwa miaka mitano ya kwanza, aliyetaka kuingia pangoni alilazimika kusimama mjini akitafuta wenzake wanne, kuwabembeleza, kusafiri nao hadi mlangoni. Mtu mwenye tabia mbaya alijulikana, akakosa wa kwenda naye. Desemba 2009 kampuni ya Blizzard ikaleta chombo kinachokusanya watano kutoka seva mbalimbali na kuwatupa pangoni bila hata kutembea. Raha ilikuja, ujirani ukaondoka. Oktoba 2010 gemu lilifikisha wanachama milioni 12, kisha likaanza kushuka. Sisemi chombo kile ndicho kilichowafukuza watu. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini Agosti 2019 kampuni ilipofungua seva za Classic, zenye gemu jinsi lilivyokuwa zamani na usumbufu wake wote, waliotaka kuingia walipanga foleni kwa saa nyingi. Walikuwa wanaulilia ule ule usumbufu waliokuwa wameulalamikia.

Mhasibu: Ngoja basi nijitetee. Natoka kazini saa kumi na moja, Outering magari hayasongi, nafika hapa saa moja. Mtoto ale, aoge, alale. Nabaki na saa mbili. Kule Ulaya vikosi vya kuua majoka vinaanza saa mbili usiku kwa saa zao, na wakati wa baridi yao hiyo ni saa nne ya hapa. Nikiingia nataka nijue kwamba usiku huu nitaua kitu, nitapata kitu, nitalala. Sina wiki nzima ya kuchimba madini ya kumtajirisha mtu wa Brazili. Wewe Fundi unacheza kwenye simu huku unangoja mteja. Mchangani anayetawala ni mwenye muda.

Fundi: Na mwenye akili.

Mhasibu: Mwenye muda, na mwenye mtandao. Wewe mwenyewe umesema kitufe kilikwama. Joka langu mtandao ukisita kidogo linanivumilia, maana najua litapiga wapi na lini. Jambazi wako aliye karibu na seva hakuvumilii. Haya magemu yetu mawili hayana seva hata moja Afrika. Albion ilikuwa na seva ya Marekani, ikaongeza ya Singapore, na ya Ulaya imefunguliwa Aprili 2024 tu. Miaka yote hiyo wewe wa Tassia ulikuwa unapigana na mtu anayekuona kabla hujajiona.

Bosi: Nyinyi mmekuja juzi. Mimi niliwaona watoto wakiacha nauli yao kaunta kwa ajili ya RuneScape. Gemu la vijana wa Cambridge, Jagex, la mwaka 2001. Lilifunguka kwenye kivinjari, halikutaka mashine ya maana, na lilikuwa na sehemu ya bure. Ndivyo lilivyoingia saiba. Enzi hizo, kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti tuliivuta kutoka kwa setilaiti. Mtoto anabofya mti aukate, anakwenda kununua mandazi, anarudi mti haujaanguka.

Kijana: Na hilo lilikuwa mchangani au bembea?

Bosi: Yote mawili, na huo ndio ulikuwa utamu wake. Safari zilizopangwa zilikuwepo, tena nzuri. Lakini kaskazini mwa ramani kulikuwa na Wilderness, nyika ya kuuana na kuporana, ukiingia umejitakia. Na sokoni ungeweza kumpa mtu chochote, hata bure. Halafu Desemba 2007 Jagex wakaondoa kuuana huko nyikani, na Januari 2008 wakaweka mipaka kwenye biashara: huwezi kumpa rafiki kitu cha thamani bila yeye kukupa kitu kinacholingana.

Kijana: Kisa?

Bosi: Dhahabu ya gemu ilikuwa inauzwa kwa pesa halisi, na wauzaji walikuwa wanalipia akaunti zao kwa kadi za wizi. Kampuni ilikuwa na sababu, hilo siwalaumu. Ila mtoto wa hapa hakuwa hata na kadi. Yeye alikuwa anapewa panga na kaka yake. Sasa kaka hawezi kumpa. Wakaanza kunipotea mmoja mmoja, mpaka kaunta ikawa ya kuchapa vyeti na kujaza fomu.

Fundi: Nao Jagex walijuta?

Bosi: Iliwachukua miaka mitatu. Waliitisha kura, zikapigwa zaidi ya milioni 1.2, na asilimia 91 wakasema rudisheni. Februari 1, 2011 nyika ya kuuana ikarudi. Mwaka uliofuata ukielekea kwisha wakabadilisha mapigano yote, watu wakawaka upya, na Februari 2013 ikabidi watoe nakala ya gemu jinsi lilivyokuwa Agosti 2007. Hiyo ndiyo Old School, na siku hizi ina watu wengi kuliko ndugu yake mkubwa. Karibu kila wanachotaka kuongeza humo kinapigiwa kura na wachezaji. Kisipofika asilimia 70, kinatupwa.

Ushahidi wa Bosi unafaa kuwekwa kando ya mwingine, ambao mwisho wake ulikuwa mbaya zaidi. Juni 2003 Sony Online Entertainment walitoa Star Wars Galaxies, iliyobuniwa na kundi lililoongozwa na Raph Koster. Humo ungeweza kuishi miaka bila kuua mtu. Kulikuwa na madaktari, washonaji, wapishi, wajenzi wa nyumba, na kulikuwa na wacheza ngoma waliokaa kwenye baa za sayari za mbali. Kazi yao haikuwa pambo. Mpiganaji aliyetoka vitani alibeba uchovu usiotibika ila kwa kukaa akiwatazama wakicheza. Kwa hiyo shujaa mwenye bunduki alimngoja mcheza ngoma amalize, akamtunza pesa, wakaongea. Sijawahi kusikia mpango mwingine wa gemu uliowapa wasiopenda vita heshima ya namna hiyo.

Kisha wakubwa wa kampuni wakatazama World of Warcraft inavyojaza watu, wakashikwa na wivu. Novemba 2005, siku chache baada ya kuuza nyongeza mpya ya gemu, wakatangaza kwamba mfumo mzima unabadilishwa: kazi zote zile zimeunganishwa zimebaki 9, na mapigano yamefanywa ya haraka haraka. Aliyekuwa amejenga jina lake kwa miaka miwili kwa kufuga wanyama wa kivita aliamka akakuta ujuzi wake umefutwa. Wenyeji wakaondoka makundi kwa makundi, na wageni waliotarajiwa hawakuja. Waliodai pesa za ile nyongeza ilibidi warudishiwe. Desemba 15, 2011 seva zikazimwa.

Fundi: Mmesikia? Bembea iliua mchangani.

Mhasibu: Aliyeua ni mwenye gemu. Hata mimi, kesho wakiifanya World of Warcraft iwe ya kuporana viatu, naondoka jioni hiyo hiyo. Nililipia bembea, nataka bembea. Na usijifanye upande wenu haukuwahi kujimaliza wenyewe. Ultima Online ilitoka 1997, mchanga mtupu. Mgeni alikuwa anatoka lango la mji na shoka lake la kukatia kuni, hajafika mtini ameshauawa na kuvuliwa nguo. Mwaka 2000 wenye gemu wakaigawa dunia mara mbili: Felucca ya kuuana, na Trammel ambako hakuna wa kukugusa bila ridhaa yako. Ramani ile ile, miji ile ile. Watu walikwenda wapi?

Fundi: Trammel. Waoga.

Mhasibu: Waoga ndio waliokuwa wanalipa. Felucca wakabaki maharamia watupu, hakuna wa kuporwa, wakaanza kulia kwamba gemu limekufa. Wanalia mpaka leo.

Hapa naongeza sauti yangu upande wa Mhasibu. Amazon nao walianza kuijenga New World kama mchanga, watu wakiporana wapendavyo. Wachezaji wa majaribio wakawa wanawinda wanyonge tu, kampuni ikaogopa, ikaigeuza kuelekea bembea jengo likiwa katikati. Ilipofunguliwa Septemba 2021, kwenye Steam pekee walikuwamo zaidi ya watu 900,000 kwa wakati mmoja. Baada ya miezi michache wengi wao walikuwa wameshakwenda. Wapenda mchanga walikuta uzio, na wapenda bembea walikuta hazitoshi.

Bosi: Mnasumbuka bure na mifano ya Wazungu. Tokeni nje mwangalie. Ardhi hii ya Tassia ilikuwa ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Watu wakaingia, wakagawana, hatimaye shirika likawauzia ploti wale wale waliokwisha kukaa. Kila mtu akajenga alivyoweza: huyu tatu, yule saba, mwingine akasukuma roshani mpaka anaweza kumpa jirani wa ng'ambo chumvi. Nyumba zikatangulia, barabara na maji taka vikaja nyuma vikichechemea. Zabuni ya kuviweka, ya zaidi ya shilingi bilioni 5, ilileta mvutano mpaka bungeni mwaka 2014. Sasa chukua boda uende Nyayo Estate, ya NSSF hiyo hiyo. Geti, mlinzi, nyumba kwa safu, zimefanana mpaka mgeni anagonga siyo. Barabara ilikuwapo kabla ya mpangaji. Lakini jaribu kuweka jiko la chapati mlangoni pako uone.

Kijana: Kwa hiyo Nyayo ni bembea, na sisi tuko mchangani.

Bosi: Na hapa mama akiamka na wazo saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili wazo lina wateja.

Kijana: Na Desemba 2019 je?

Chumba kinapoa. Tarehe 6 mwezi huo jengo la ghorofa sita liliporomoka hapa Tassia na kuua watu waliokuwa ndani.

Mhasibu: Hilo usilichanganye na mchezo, kijana. Panga la Fundi linafuliwa lingine. Wale hawarudi.

Kijana: Samahani, dada. Sikutaka kulifanyia mzaha.

Bosi: Najua hukutaka. Msiba tuuache kwa wenyewe. Lakini kwa jumla, mahali popote, hata humo kwenye mashine zenu, uhuru wa anayejenga unalipiwa na mpangaji. Anayeamua kuongeza ghorofa halali chini yake.

Sentensi hiyo ya Bosi ningependa Fundi aichukue nyumbani. Wapenda mchanga husifu uhuru wakiwa wamesimama upande wa anayejenga. Waulize ni wangapi kati yao wangeendelea kulipa kama kila jioni wangekuwa wao wanaovuliwa viatu. Albion imelijua hilo, ndiyo maana ramani yake ina rangi: katika maeneo ya buluu na ya njano ukianguka hupotezi mzigo wako, katika mekundu na meusi unapoteza vyote. Nyika imewekewa mpaka na kila mtu anauona. RuneScape ya saiba ya Bosi ilikuwa na mpaka kama huo. Fundi alivuka mstari mwekundu kwa macho yake, akifuata bei. Hana kesi.

Kijana: Ndiyo maana mimi siko huku wala kule. Nacheza GTA kwenye seva za maigizo. Inapita kwenye FiveM, programu iliyotengenezwa na wachezaji wenyewe, mpaka Agosti 2023 Rockstar, wenye GTA, wakaamua kulichukua kundi lile lile walilokuwa wanalitazama kwa jicho baya. Hakuna joka wala safari iliyopangwa. Wewe unaamua ni nani. Kuna jioni nilikuwa makanga tu, naita abiria, nikapigwa faini na polisi ambaye ni mwanafunzi mwenzangu. Nilicheka mpaka nikashindwa kuandika.

Fundi: Huo ni mchanga.

Kijana: Mchanga wenye sheria kuliko shule. Ukielekezewa bastola lazima uogope. Ukijifanya shujaa unaondolewa. Huui mtu bila kisa. Ukifa ukazinduka hospitalini, aliyekupiga humkumbuki, na huruhusiwi kwenda kulipiza.

Mhasibu: Nani anazisimamia?

Kijana: Wenye seva. Watu kama sisi.

Mhasibu: Na rafiki wa msimamizi akivunja sheria?

Kijana: Rafiki wa msimamizi hana makosa. Na wakigombana wenyewe kwa wenyewe seva inafungwa, unapoteza nyumba, gari na jina. Hayo nimeyaona.

Nilidhani Kijana ametupatia njia ya tatu. Kumbe ametuletea mwenye nyumba mwingine, mdogo zaidi, anayeishi mlango wa pili.

Fundi: Sawa, mmenibana. Lakini nijibuni hili. Januari 27, 2014, kwenye EVE Online, gemu la mchangani la meli za anga, chama kimoja hakikulipa ada ya mfumo wa nyota wa B-R5RB. Ada tu, kama kodi ya nyumba. Maadui wakaona pako wazi, wakaja. Vita vikadumu saa 21, wachezaji zaidi ya 7,000, meli kubwa kuliko zote 75 zikateketea, hasara ikakadiriwa kuwa zaidi ya dola 300,000. Vyombo vya habari vya dunia nzima viliandika. Hakuna aliyepanga vita vile. Bembea yenu imewahi kutoa habari kama hiyo?

Mhasibu: Wewe ulikuwepo?

Fundi: Nilisoma.

Mhasibu: Mimi pia nilisoma. Ilikuwa tamu kusoma. Waliokuwepo wanasema dunia ya gemu ilipunguzwa mwendo ili seva isizimike. Unabonyeza risasi sasa, inatoka baadaye sana. Saa 21 za kungoja kitufe. Hadithi za mchangani ni tamu kwa ambaye hakuwepo.

Fundi: Na za bembea hazisimuliki hata na aliyekuwepo.

Hawajapata kusemezana vizuri kuliko hapo, na wote wawili wamesema kweli. Sasa nitoe uamuzi wangu, maana mjadala usiofikia uamuzi ni kelele za stendi.

Katika mchezo wenyewe niko na Fundi. Kitu kisichoweza kupotea hakina uzito mkononi, na mtu uliyekutana naye kwa hatari hutamsahau upesi kama uliyekusanyiwa na mashine. Bembea inachosha kwa sababu ya kawaida kabisa: waandishi wake hawawezi kuandika kwa kasi ambayo wachezaji wanakula. Hakuna kampuni yenye pesa za kutosha kuumaliza mwendo huo. Mhasibu mwenyewe analijua. Ndiyo maana anamsikiliza Fundi akisimulia jinsi alivyoporwa, na Fundi hajawahi kumwomba asimulie pango.

Lakini malalamiko haya ya miaka zaidi ya ishirini hayatokani na mchanga wala bembea. Pangeni visa mlivyovisikia kwa mstari. Waliokasirika kweli, waliotupa kadi na kuondoka na rafiki zao, ni wa Galaxies mwaka 2005 na wa RuneScape mwaka 2007. Wote walikuwa wamejenga, kisha aliyewakaribisha akabadilisha masharti bila kuwauliza. Mporaji wa Caerleon anakuvua viatu, unashona vingine. Kampuni inapofuta kazi ya mfuga wanyama imefuta na watu waliomjua kwa kazi hiyo. Jagex walipona kwa sababu waliuliza, ingawa kwa kuchelewa. Sony hawakuwarudishia wachezaji gemu lao la zamani.

Kwetu jambo hili ni zito kidogo kuliko kwa wengine. Mchezaji wa Tassia anaingia kama mgeni: seva iko mbali, bei iko kwa dola, na kwa miaka mingi hata njia ya kulipa ilikuwa ngumu kwa asiye na kadi ya benki, mpaka Safaricom na Visa walipoleta kadi ya M-Pesa ya mtandaoni Juni 2022. Bando analonunua ni pesa ya unga. Hapigiwi simu masharti yakibadilika, na hayumo katika hesabu za anayebadilisha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uwe wa mchanga au wa bembea, usilipe mwaka mzima kwa mkupuo. Lipa mwezi, uone kama waliokutangulia wanasikilizwa. Anayetaka kuona gemu ambalo wachezaji wake wana kura, Old School RuneScape inafunguka kwenye simu tangu Oktoba 2018 na sehemu yake moja ni ya bure. Ila kura ni ya waliolipia uanachama. Wa bure wanatazama.